Sikukaa Benchi la Nyuma

Kwa miaka kumi na mmoja nilipika pombe kali ya gongo Kimamba, uani mwa nyumba niliyopanga, jirani na mashamba ya zamani ya mkonge. Sisemi hivi kwa kujisifu wala kwa kujililia. Nasema kwa sababu wapo wapendwa kanisani ambao wangefurahi niseme tu kwamba "zamani nilikuwa na biashara." Nilipika gongo. Nilijua sukari guru ichachuke siku ngapi na moto uwe mdogo kiasi gani, na kati ya wateja wangu nilijua nani angeanguka wa kwanza.

Mmoja wao alikuwa fundi baiskeli, mtu mpole asiyegombana na yeyote. Miaka ikapita, tumbo likaanza kumvimba na macho yakawa ya njano. Mkewe alinijia mara mbili. Mara ya pili alipiga magoti mlangoni pangu, mwanamke aliyenizidi umri, akasema, "Mdogo wangu, nakuomba. Akija, mfukuze."

Nikamwitikia ndiyo. Kesho yake mumewe alipokuja nilimmiminia kama kawaida.

Alipolazwa hospitali Kilosa nilipanda bodaboda kwenda kumwona, nimebeba machungwa, kana kwamba machungwa yangemsaidia. Hakunitambua. Daktari alikuwa ameshasema ini limekwisha. Nikatoka, nikakaa nje kwenye kivuli cha ukuta, karibu na mama mmoja aliyekuwa anamuuguza mwanawe. Akaniuliza mgonjwa wangu ni nani. Mpaka leo sijui kwa nini nilimwambia ukweli mtu nisiyemjua.

"Si ndugu yangu. Ni mteja. Mimi ndiye niliyemnywesha mpaka akafika hapa."

Hakushtuka. Aliendelea kumenya chungwa nililompa. "Unataka kuendelea kuwa huyo?"

"Sitaki. Lakini ndiye mimi."

"Basi Yesu alimfia huyo huyo," akasema. "Hakumfia mwingine utakayekuwa baadaye ukishajisafisha."

Nilimwambia sijui kusali. Akaniambia niseme na Mungu kama nilivyosema naye. Nikasema pale pale, saa saba mchana, watu wakipita na mabeseni na chupa za chai. Sikuona nuru wala sikusikia sauti. Nililia, basi. Ila nilipoinuka nilijua kwamba yule mwanamke wa jana sirudi kuwa yeye.

Fundi alifariki siku mbili baadaye. Siku ya tatu, baada ya mazishi niliyoyatazama nikiwa nimesimama mbali, nililitoboa pipa langu kwa shoka na kulikata vipande bomba la kupozea mvuke. Wateja walisimama wakinitazama.

"Wiki haiishi huyu, atapika tena," mmoja akasema.

"Njoo wiki ijayo uone," nikamjibu. Alikuja. Alikuta nimepanda mchicha.

Nilibatizwa katika mto Mkondoa, maji mekundu ya tope baada ya mvua, na Jumapili iliyofuata nikaingia kanisani nikakaa benchi la pili. Mjane wa fundi alisali hapo hapo. Nilimsalimu, "Shikamoo, dada." Hakuitikia. Sikumlaumu, hata kidogo.

Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa aliniita pembeni. "Dada, hatukukatai," akasema. "Ila uwe unakaa nyuma kwa muda, na Meza ya Bwana uisubiri kwanza. Mwaka mmoja hivi, watu wapoe."

"Mzee, kwa heshima zote," nikamwambia, "yule mwizi wa msalabani alisubiri mwaka?"

"Usinijibu hivyo."

"Kama damu ya Yesu imeniosha, imeniosha leo. Kama haijaniosha, mwaka wa kukaa nyuma utanisaidia nini?"

Jumapili iliyofuata nilikaa benchi la pili. Waliokuwa wamekaa hapo walijisogeza kama vile nimeingia na moshi. Nikaimba kwa sauti, tena nyimbo ambazo sikuzijua vizuri. Miezi mitatu hakuna aliyenipa mkono isipokuwa mchungaji.

Lakini kusimama mbele ya wazee ni jambo moja, na kusimama mbele ya mjane ni jingine. Siku moja nilikwenda kwake. Nilipiga magoti mlangoni, nikamwambia, "Uliniomba nimfukuze, nikakuitikia, kisha nikamuuzia. Sikuja kujitetea."

Alikuwa anapeta mchele. Akaweka ungo chini.

"Sijakusamehe," akasema. "Labda Mungu atanipa, sijui lini. Ila nimesikia wanataka ukae nyuma kwa ajili yangu. Sijawatuma. Usihame." Akaokota mawe mawili matatu kwenye ungo. "Miaka yote ile nilikuwa naiombea nyumba yako. Nilijua iko siku mtu atatoka humo ameokoka. Nilidhani atakuwa mume wangu. Ukatoka wewe."

Nilikaa nikamsaidia kuokota mawe mpaka mchele ukaisha.

Siku hizi niko Mikumi, nawapikia madereva kando ya barabara kuu. Mwezi uliopita mmoja alinitazama sana, kisha akasema mbele ya watu wote, "Wewe si yule mama gongo wa Kimamba?"

Dada ninayepika naye aliinamisha uso, akiniona nimeaibika. Mimi sikuinamisha.

"Ndiye," nikasema, nikampakulia wali. "Nimeokoka."

Akacheka. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli sina hata kidogo nilichoficha. Nikamwambia ninacho, amalize kwanza kula, nitampa. Alipomaliza nilimsimulia habari za fundi na za Yesu, na lori lake lilikaa pale kando ya barabara mpaka saa tisa alasiri.