Siku Niliyompiga Chenga Baba Zaituni

Haya, chekeni mmalize kabisa kabla sijaanza, maana kila nikiusimulia mkasa huu aibu inanirudia upya. Siku ile pale Temeke nilimfanya mzee wa watu kijiti cha mazoezi mbele ya watoto kumi na wanne, na mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa na jibu la posa yangu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mie bado kijana, fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja. Mchana nashona suruali za watu, alasiri nakwenda kiwanjani kufundisha watoto mpira, na sikufundisha kama wengine, wale wa kugawa watoto makundi mawili wakimbizane na gozi mpaka magharibi. Mie namchukua mtoto mmoja mmoja. Huyu namfundisha kutuliza mpira kifuani, yule namfunga kitambaa mguu wa kulia ajifunze kutumia wa kushoto (mama zao walinilalamikia, eti watoto wanarudi nyumbani wanachechemea), na wote lazima wapite na mpira katikati ya vijiti nilivyochomeka mchangani, kushoto, kulia, kushoto tena. Nilijivunia sana vile vijiti, sitaki kusema uongo.

Basi mwezi ule shangazi yangu, Mwajuma, alikuwa amenipelekea posa kwa kina Zaituni, na mie kwa Zaituni nilikuwa sili wala silali. Mama yake ni Mzaramo kama sie, lakini baba yake, Mzee Kasanda, ni Mnyamwezi, anafanya kazi reli huko kwao Tabora, na jibu lilikuwa linamsubiri yeye. Sikuwahi kumwona. Tuliambiwa atashuka na treni ya Jumamosi.

Shangazi akanionya. "Wewe na mdomo wako huo, sikiliza. Mnyamwezi ni mtani wetu, lakini ukishaposa kwake si mtani tena, ni mkwe. Mkwe hataniwi."

Nikamwambia, shangazi, mie si mtoto.

Alhamisi, siku mbili kabla ya treni hiyo, niko kiwanjani na Bakari, mtoto mwenye miguu myepesi kuliko wote, anavipita vijiti vyote vizuri kabisa, lakini akikutana na beki wa kweli anapotea. Nikawaambia watoto kijiti hakisogei, mtu anasogea, kwa hiyo leo tunataka kijiti chenye miguu. Ningeweza kumsimamisha mtoto mwenzao yeyote na mambo yakaisha. Lakini pembeni alikuwa amesimama mzee mmoja wa shati la kaki, kofia kichwani, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaniambia kwa lafudhi ya bara, "Kijana, huyo mtoto anaangalia mpira tu. Mwambie atazame na mbele."

Alisema kweli, na hicho ndicho kilichoniudhi. Nikamuuliza kwao wapi, akasema Tabora. Moyo ukafurahi, nimepata mtani (mnajua wenyewe Mzaramo na Mnyamwezi, tunaweza kutukanana hata msibani na hakuna wa kununa). Shikamoo sikumpa. Nikamwambia, "Kumbe Mnyamwezi. Miaka yote mmebeba mizigo kuja pwani, leo njoo ubebe aibu. Simama hapa uwe kijiti."

Mzee akacheka, akasema Mzaramo hata kijiti hawezi kukichomeka bila kupumzika kwanza, akaja akasimama.

Jamani, nilimpiga chenga mzee yule. Ya kwanza kulia, ya pili kushoto, ya tatu nikapitisha mpira katikati ya miguu yake, naye katika kugeuka akajikwaa akakaa chini, kofia ikamtoka. Mngedhani nimetosheka. Nikaiokota ile kofia, nikaivaa mie, nikamzunguka na mpira huku nawaambia watoto, "Mmeona Mnyamwezi anavyoanguka?" Watoto hoi kwa kicheko.

Ndipo akatokea Sefu, mdogo wake Zaituni, mwanafunzi wangu ambaye siku ile alichelewa. Akasimama, akashangaa.

"Baba, mbona umekaa chini? Mama anakutafuta."

Mie nikageuka nyuma kumtafuta huyo baba ni nani. Nyuma hapakuwa na mtu. Nikapiga magoti pale pale mchangani, nikasema shikamoo mzee, naye akaitikia marahaba taratibu, akajikung'uta, akaondoka na mwanawe. Walipopotea ndipo nikagundua kofia ya mkwe bado iko kichwani kwangu.

Shangazi alipoiona hakunigombeza, alikaa tu kitandani akashika tama, na hilo liliniuma kuliko matusi. Kesho yake tukairudisha sote wawili. Mzee akaipokea, posa hakuitaja kabisa, akasema tu, "Kesho nitakuja kiwanjani."

Akaja kweli, peku, suruali ameikunja magotini, na nusu ya mtaa nyuma yake. "Leo kijiti ni wewe," akaniambia.

Kumbe alichezea timu ya reli ujanani. Akaja na mpira miguuni, mpira uko wazi, nauona, mguu wangu unautaka, na shangazi kando ya kiwanja amenikazia macho. Utamkwatuaje mkweo? Nikasimama. Akanipita kulia, akanipita kushoto, akanipitishia mpira katikati ya miguu mara nne, watoto wanahesabu kwa sauti, na nyuma ya ua wa makuti nasikia msichana anacheka mpaka anakohoa. Nilimjua ni nani.

Alipochoka akanishika bega. "Nilikuja mapema kimyakimya nikuone kabla hujajipamba, nikakuona. Binti yangu nitakupa, lakini mwakani. Mwaka huu kaa ujifunze kusalimia."

Tangu hapo, mtu akisimama kando ya kiwanja changu, hata awe mlevi, namwamkia kwanza, namuuliza jina lake na la ukoo wake na kama ana mabinti, ndipo namwomba asogee, na watoto wakikasirika kungoja shauri yao. Zaituni huniambia mwaka ule ulikuwa mfupi tu, wala hakuuona ulivyopita. Mie niliuhesabu siku kwa siku.