Sajini Kwenye Benchi la Wajawazito

Mimi, Kanyamibwa, nilikuwa sajini kwa miaka kumi na minane. Nilitoka jeshini na mguu mbovu na majivuno mazima. Nyumbani Kalembe niliwapa amri hata ng'ombe wa jirani, nao hawakunijali. Usingizi ulinikimbia. Mwishowe nikaanza kuwaza kwamba mke wangu, Uwamwezi, angepumua vizuri kama nisingekuwepo duniani.

Siku moja nilimwambia hivyo kama mzaha. Hakucheka, akaniita kwa jina la binti yetu.

"Papa Benita, kesho tunaenda ku hopitali. Kule iko muntu wa kusikiliza."

Tulipofika, niliona majirani wawili mbele ya mlango wa muuguzi anayesikiliza watu. Mimi niliyevuka daraja chini ya risasi nikaenda kujificha kwenye benchi la wajawazito, kofia nimeivuta hadi puani. Mkunga akaniuliza kwa sauti: "Papa, mimba iko ya miezi ngapi?"

Benchi zima lilicheka, nami nikacheka mpaka nikatoa machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Uwamwezi akanishika mkono, tukaingia kwa muuguzi, Mama Kétsia.

"Papa, unawaza kujiua?" aliniuliza waziwazi.

Nilijibu ndiyo. Hakushtuka, wala hakuniita mwoga.

Huu ni mwezi wa tano nakwenda kwake kila Alhamisi, na usingizi umeanza kurudi. Wiki jana nilimpeleka Mumbere, tuliyekuwa naye kikosi kimoja. Njiani alidai ni jino tu linalomuuma.

"Twende," nilimwambia, "hata hilo jino watalisikiliza."