Tulipoomba Kukamatwa Jeddah

Chumba chetu cha Al-Shumaisi, Riyadh, kilinuka ng'onda. Mama yangu, Mgiriama wa Kilifi, ndiye aliyewaita hivyo samaki wale wakavu. Mpishi wao alikuwa Ate Luz, Mfilipino tuliyeishi naye, ambaye aliwakaanga kwa kitunguu saumu na kuwamwagia siki mpaka majirani wakagonga ukuta. Ate kwao ni dada mkubwa, na ndivyo alivyokuwa kwa mama. Mji wangu ulikuwa chumba hicho, kwani dirishani sikuruhusiwa kusimama. Mama alikuwa ametoroka jumba moja la Al-Malqa alikopika, akafua na kulea watoto wa watu bila kupumzika, kisha akanizaa mimi bila cheti cha ndoa, kwa mwanamume ambaye mama hajanitajia jina lake mpaka leo. Mtoto wa namna hiyo alifichwa. Nilikuwa na miaka saba, na ingawa hakuna aliyeniambia kuwa mimi ni aibu, nilijua. Watoto hujua.

Ate naye alikuwa mtoro. Mkataba wake ulipokwisha, kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, alikataa kumpa ruhusa ya kutoka nchini, akaikalia pasipoti yake, na Ate akaondoka na nguo alizovaa. Kwao alikuwa amemwacha mama yake akimlelea wanawe wawili, na mama huyo alikuwa anapofuka. Kila alipopiga simu aliuliza jambo moja, je, bado anaona? Jibu lilikuwa bado, lakini kwa ukungu. Ate hakutaka makubwa. Alitaka kufika kabla ukungu haujafunga, mama yake amwone uso.

Katika wiki moja wote wawili walikwenda kuomba msaada kwenye ofisi za nchi zao. Mama alinichukua, nimefunikwa baibui lililonizidi. Bwana wa dirishani, Mkenya mwenzetu, alimsikiliza huku akichokonoa meno. "Sasa mama, mtoto hayuko kwa rekodi. Utuletee birth certificate yake kwanza." Mama akasema cheti hakipatikani bila cheti cha ndoa, na ndoa hakuna. Bwana yule akanitazama kwa mara ya kwanza, kisha akamtazama mama, akacheka puani. "Hayo mlikuja kufanya huku ndiyo hayo?" Watu waliokuwa nyuma yetu walisikia. Mama akanivuta mkono, tukatoka. Ate alirudi na lake: watu wake walimshauri arudi kwa kafili akaombe radhi, halafu asubiri, foleni ni ndefu. Alitusimulia kwa Kiarabu chake cha jikoni, akacheka hadi akashika mbavu. "Serikali yako na yangu mama mmoja, baba mmoja," akamwambia mama. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wahenga walisema, ila sisi nyoka tulikuwa naye miguuni na fimbo haikuwa na haraka.

Ndipo tukasikia habari za Jeddah. Huko, chini ya daraja moja kubwa la magari, wasio na ikama, kibali cha kuishi nchini, walikuwa wakikaa wazi wazi mpaka polisi waje na basi, wawakamate na kuwarudisha makwao bila malipo. Kumbe njia ya kwenda nyumbani ilikuwa kukamatwa. "Halas," Ate akasema, "twende tukakamatwe." Tukasafiri siku nzima katika gari la mtu, mimi nimelala sakafuni chini ya blanketi, na jioni tukatandika maboksi chini ya daraja. Wafilipino walikuwa na nguzo yao, Waindonesia yao, sisi Wakenya na Waethiopia ya kwetu. Ate hakwenda kwa wenzake. Alikaa nasi.

Kosa tulilofanya lilitokana na heshima. Kwao Ate, anayerudi kutoka ng'ambo hashuki ndege ovyo ovyo. Mtaa mzima hutoka kumtazama. Kwetu nako mkono mtupu haulambwi, na sisi mikono yetu ilikuwa mitupu, basi angalau tuwe safi. Tuliposikia basi linakuja kesho, wanawake wale wawili walifua kwenye bomba la msikiti wa jirani, wakanyoosha nguo kwa kuzilalia. Mimi nilisukwa, nikafungwa utepe. Ate alivaa blauzi nyeupe na viatu vya kisigino, akajipulizia manukato. Basi likaja. Polisi wakawakusanya watu, nguzo hadi nguzo, na walipotufikia mmoja wao akatwambia kwa adabu, "Yalla, dada zangu, tupisheni." Alidhani ni wapita njia. Mama akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu. "Nishike, baba. Sina ikama." Askari akamtazama juu mpaka chini. "Nenda nyumbani kwako," akasema, akapita. Mama akamfuata na mikono yake vile vile, akibembeleza afungwe pingu, na waliokwisha kupanda wakacheka madirishani. Niliona haya mpaka nikajikojolea. Nimeona haya mara nyingi tangu hapo, lakini zote ni wajukuu wa siku ile.

Tangu hapo mama hakutuogesha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema, na tukainama vilivyo: nywele zikatimka, nguo zikashika masizi, nikajikuna mpaka damu. Alimsihi Ate afanye vile vile. Ate akakataa. "Mama yangu atanitazama mara moja tu," alisema. "Ndiyo anione hivi?" Akaendelea kufua blauzi yake. Basi lililofuata lilipokuja, mama alinipaka majivu usoni, na Ate akageuka asitazame. Tulichukuliwa bila swali. Ate alibaki ameegemea nguzo, msafi kama mwalimu, na askari wakampita.

Alifika kwao mwaka uliofuata. Alimpigia mama simu, akamsimulia. Mama yake alimtambua kwa sauti, kisha akampapasa uso kwa vidole, polepole, kutoka paji mpaka kidevu.

Siku hizi nafundisha shule ya msingi hapa Kilifi. Nina pasipoti, na naoga nitakapo. Kwenye televisheni wakubwa wanawahimiza vijana waende ughaibuni, wanasema mambo yamerekebishwa, na mimi hupenda kuamini. Mwezi uliopita Kadzo, binti wa jirani yetu, alinipigia simu ya video kutoka Riyadh. Alikuwa ameketi kwenye kibaraza nje ya ofisi ya nchi yetu, amempakata mtoto wa mwaka mmoja, aliyevalishwa soksi nyeupe. Ndani wamemwambia mtoto hayumo kwenye rekodi. Amesikia kuna mahali polisi bado wanawazoa wasio na ikama. "Dada, eti nyinyi mlitoka," akasema. "Mlifanyaje?"

Mimi ni mwalimu. Nilitafuta jibu ambalo mwalimu anaweza kulitoa bila kuona haya, jina la afisa, mlango wa kubisha, sheria ya kutaja, na sikuwa nalo hata moja. Nikamwambia, "Usimwogeshe mtoto."