Siku Niliyomsingizia Mzee Salvatori

Naomba nikiri, maana siku tisa nzima nilikana huku nimekaza macho: pale Mwanga, aliyepita upande usio wake nilikuwa mimi, si Mzee Salvatori.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimepewa kibarua cha kuwahoji waendesha baiskeli wa Mwanga na Ujiji, vijana kwa wazee, nani anazijua sheria za barabarani na nani anazijali (jibu nilishakuwa nalo: wazee hawajui kitu). Mzee Salvatori, mkimbizi wa Burundi aliyekuwa akimsambazia Mama Zuhura mawese kwa baiskeli, alikosea karibu kila alama niliyomwonyesha.

“Mwalimu,” akasema, “mimi penye mteremko nashuka, nakokota. Hilo halimo kwenye karatasi?”

Halikuwemo. Nikampa sifuri.

Kesho yake mimi, mwenye sheria zote kichwani, nikaiachia baiskeli yangu mteremkoni bila kugusa breki, nikahamia kulia ili niupite mkokoteni, na nani huyo mbele yangu, anakokota taratibu upande wake halali, madumu mawili ya mawese nyuma? Tulianguka wote, dumu likapasuka, nikawa mwekundu kuanzia nywele hadi viatu.

“Jamani, dada wa usalama barabarani kaungwa kama maharage!” akapiga kelele muuza dagaa.

Kicheko kile kingeniua, kwa hiyo mtu mmoja aliposema, “Huyu mzee Mrundi, kwao wanapita kulia,” nikadakia, “Ndiyo, kasahau kwamba huku ni kushoto.” Mzee akainama kuokota dumu lililobaki zima. Mkimbizi akibishana barabarani ataulizwa kibali cha kukaa nje ya kambi, na kibali chake kilitegemea kazi ile. Jioni Mama Zuhura akamnyang'anya baiskeli na kazi.

Siku ya tisa nilikuwa naandika ripoti, na katika wazee wangu wote sikumwona aliyewahi kumgonga mtu, ila vijana waliojibu vizuri kama mimi walikuwa na makovu magotini (leo nina miaka hamsini na kitu, mteremko ule nakokota, na wanaonicheka wacheke). Nikainua simu ya ofisini.

“Shikamoo, Mama Zuhura. Yule mzee hakuwa na kosa. Nilikuwa mimi.”

“Marahaba. Rudia.”

Nikarudia.

“Siku tisa, binti! Yupo nje hapa, amekuja kuniaga, anarudishwa kambini.” Kisha nikamsikia akipaza sauti mbali na simu: “Mzee Salva! We Mzee Salva! Teremsha mzigo wako kutoka kwenye hilo lori!”