Idi ya Wakati wa Joto

Madaftari yangu ya miaka ile ninayo bado, ila siyaamini sana. Niliishia darasa la saba, na jioni mtu akiandika huku amechoka huandika kile kinachomwonyesha kuwa ana haki. Kwa hiyo haya nimeyapunguza pale nilipoona nimejipendelea.

Mama yangu alihama Unguja akaenda kuishi Omani kwa mdogo wangu, katika mji mdogo wa bara unaopakana na jangwa. Mimi nilikuwa Toronto, nikipanga maboksi kwenye ghala moja huko Downsview. Alichokitaka Mama kwangu kilikuwa kimoja tu. Kule kwao asubuhi ya Idi, baada ya sala, watu hupita nyumba kwa nyumba. Unaingia, unakaa, unapewa halua na kahawa, unaulizwa hali, unanyanyuka, unaingia kwa jirani. Kila mwaka Mama aliulizwa, "Na yule wa Kanada?" Naye kila mwaka alijibu kwamba anakuja. Alitaka nipite naye mara moja, waone kwamba hakuwa akisema uongo.

"Lakini uje wakati wa baridi," aliniambia. "Joto la huku si la Unguja, mwanangu. Huku ukifungua bomba unapata maji ya chai."

Tatizo ni kwamba Idi haikai mahali pamoja. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Miaka yangu ya mwanzo Idi ya kuchinja iliangukia Februari na Januari. Kule hewa nzuri, ghalani hakuna kazi, lakini sikuwa na karatasi za ukaazi, ningetoka nisingerudi. Karatasi zikatoka mwaka 2006, na mwaka ule Idi ya kuchinja ilikuwa mwisho kabisa wa Disemba. Shule zimefungwa, jangwa limepoa. Tulikaa mezani na mke wangu tukapanga, akasema, "Hii Mungu katupangia mwenyewe."

Sasa, pale ghalani kuanzia Septemba mpaka mwaka mpya hakuna likizo. Nilikuwa najua. Nilijua, na bado nikampigia Mama simu nikamwambia tunakuja, kabla sijamuuliza msimamizi. Hilo kosa ni langu, silitafutii mtu. Msimamizi mwenyewe alikuwa mtu mwema. Alinionyesha majina ya wenzangu wawili walioomba kwenda kwao Krismasi, mmoja ana baba mgonjwa, na wote amewakatalia.

"Nikikupa wewe," alisema, "hao niwaambieje?"

Nikarudi kwenye maboksi.

Mke wangu akasema, "Piga simu useme mgongo unauma. Nani hapo ghalani hana mgongo?"

"Nikijifanya mgonjwa, maboksi yangu watayabeba hao hao wawili."

"Haya, kaa na haki yako. Lakini mama yako mwambie mwenyewe."

Nilimpigia Jumapili asubuhi, kwao ikiwa jioni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Tiketi mshakata?"

Nikamweleza. 

"Na mie nishawaambia mtaa mzima," akasema. "Haya. Mwakani."

Mwakani ilikuwa mbaya zaidi, na ya baada yake vilevile. Idi zote mbili, ndogo na kubwa, ziliingia kwenye miezi ya ghala zikakaa humo kama zimehamia. Mdogo wangu akaniambia, "Kaka, achana na Idi. Njoo Machi, hakuna joto, tukae tu na Mama." Alisema kweli. Nilipomgusia Mama alikataa: "Machi uje umwone nani? Machi watu wamo makazini." Nami nikakubali haraka. Sijui kama nilikuwa namheshimu au nilikuwa nimepata kisingizio. Nimejiuliza mara nyingi, na kila nikijiuliza jibu linabadilika.

Idi ndogo ikaendelea kurudi nyuma mpaka ikaingia kwenye kiangazi. Mara ya kwanza Mama alinizuia kwa sababu ya joto, na ya pili, na ya tatu. Kufika 2014, Idi ikiwa mwisho wa Julai, magoti yake yalikuwa yameanza kumshinda, akasema mwenyewe, "Njoo na joto hilo hilo. Watoto waache, wataungua." Watoto, kusema haki, hawakuwa wanalilia safari. Binti yangu alinijibu kwa Kiingereza kwamba anaongea na bibi kwenye simu na inatosha.

Nikaenda peke yangu. Mdogo wangu alinipokea uwanja wa ndege, na tukiwa njiani akapunguza sauti ya redio.

"Kaka, nikwambie ukweli. Idi za joto mji huu haubaki na mtu. Wanapakia magari wanakwenda kusini, ambako miezi hii kuna mvua na ukungu."

"Mama anajua?"

"Anajua. Kawapigia simu mmoja mmoja kuwaambia unakuja. Wamesema inshallah."

Asubuhi ya Idi niliporudi kusali nilimkuta Mama ameshavaa baibui jipya, kajifukiza udi, fimbo mkononi. Tukatoka. Nyumba ya kwanza geti limefungwa na gari halipo. Mama akabonyeza kengele akangoja, kichwa kakiinamisha kama anayesikia nyayo. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu akasema, "Hawa hawakosi. Huyu bibi ndiye aliyekuwa akinicheka kila nikisema unakuja." Geti lilikuwa na mnyororo.

Ya nne tulimkuta mtu mzima mmoja wa Bangladeshi akimwagilia mitende. Alifunga maji, akafuta mikono kwenye kikoi. Mama akamwambia kwa Kiarabu kwamba huyu ndiye mwanawe wa Kanada. Yule bwana akanishika mkono, akanitakia Idi njema, akaomba radhi kwamba hana ufunguo wa ndani, angetupa kahawa.

"Bibi mwenye nyumba akirudi mwambie alikuja," Mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Utamwambia?"

"Ndiyo, ndiyo."

Jua lilikuwa limeshapanda na macho yangu yanawaka. Nikasema, "Mama, turudi."

"Bado nyumba saba."

Tukazipita zote saba. Ya mwisho hakubonyeza kengele, aliweka kiganja kwenye chuma cha geti akakiondoa mara moja kwa moto wake. Saa mbili na robo tulikuwa ndani. Alivua baibui, akalikunja pole pole, akakaa ukingoni mwa kitanda chini ya kiyoyozi.

"Watakaporudi," akasema, "utakuwa umeshaondoka."

"Ndiyo, Mama," nikamjibu. "Nitakuwa nimeshaondoka."