Alama ya Mwenye Gunia

Programu ile ya kutengenezea kurasa niliipata kwenye intaneti, bure. Neno hilo la mwisho ndilo lililotutia wasiwasi. Pale Tunduma nilikuwa nimeshabeba mizigo, nimeshauza vocha, nimeshakuwa utingo wa lori hadi Kitwe na kurudi, na mtu pekee aliyewahi kunipa kitu bure mpakani alikuwa mwanamke mmoja wa Nakonde, upande wa Zambia. "Kaka, katoni hii ya sabuni chukua iwe yako, nivushie tu hii nyingine." Ndani ya hiyo nyingine hapakuwa na sabuni.

Wakati huo nilikuwa nimetulia, kwa kipimo changu: miezi minne kwenye kibanda cha intaneti cha mama mmoja wa Kondoa, ambaye nyuma ya kibanda alikuwa na gesti ya madereva. Shule niliiachia kidato cha pili kule Hasamba, lakini kompyuta zilinishika. Nilifagia, niliwasha jenereta, niliwafundisha watu kufungua barua pepe, na wateja wakipungua, mashine ya pembeni ilikuwa yangu. Sikuwahi kutaka kubaki mahali namna ile.

Mama alitaka gesti yake iwe na ukurasa wa intaneti, madereva waione kabla hawajafika. Programu ile iliundwa na mtu mmoja wa Ulaya, kwa kujifurahisha, akitoka kazini. Unaandika upande mmoja wa kioo, ukurasa unajitokeza upande wa pili.

"Naye anapata nini?" mama aliuliza.

"Hapati kitu, mama. Anapenda tu."

"Mwanangu, anayependa tu hufuga njiwa. Mashine ya tatu ililiwa na kirusi na wewe ulikuwepo. Hiyo ya pembeni ikifa, utaondoka nayo."

Nikachomoa waya wa intaneti, nikaikagua programu kama askari wa forodha anavyochoma gunia la mchele kwa chuma. Ukurasa wetu ulipokamilika nilifungua maandishi yake ya ndani, nikasoma mstari kwa mstari. Karibu na juu nikakuta mstari ambao sikuuandika. Ulitaja jina la programu. Mtu akiutazama ukurasa haoni kitu, umejificha ndani. Nikaufuta, nikahifadhi, nikafungua tena. Umerudi.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Nikimwambia mama, kiti changu kimekwenda. Nisipomwambia, nimevusha katoni ya pili kwa macho yangu mawili. Nikamwandikia yule mtengenezaji, kwa Kiingereza changu cha kwenye malori, nikamuuliza mstari ule unatafuta nini kwenye gesti ya watu Tunduma. Kesho yake akajibu: ni alama yake tu, kwenye mipangilio kuna mahali pa kuizima. Halafu akauliza, Tunduma ni wapi?

Ndipo nikamwonyesha mama vyote viwili, mstari na barua. Alivaa miwani, nikamtafsiria.

"Sasa ameanza kuuliza tunakaa wapi," alisema.

"Mstari naweza kuuondoa, mama. Ametuonyesha pa kuuzimia."

Aligeuza macho nje. Ng'ambo ya barabara wapagazi walikuwa wakishusha magunia, kila moja na rangi ya mwenye mali: huyu msalaba mwekundu, yule mistari miwili ya kijani. Pale mpakani, gunia lisilo na alama ndilo linalofunguliwa kwanza.

"Mwizi hapaki rangi yake kwenye mzigo," alisema mwishowe. "Uache ubaki."

"Na mimi?"

"Wewe nani kakufukuza? Lakini ukimaliza kazi, waya uchomoe."

"Na huyu nimjibu nini kuhusu Tunduma?"

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Mwambie Tanzania. Inamtosha."

Nikaandika hivyo. Mchana uleule tukauweka ukurasa hewani, ukiwa na maelekezo ya kufika hadi mlangoni kwetu.