Kitabu Tulichokichambua Pamoja na Pamba

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba waliingia Bariadi kwa malori na vipaza sauti, na habari waliyokuja nayo ilimuudhi bibi yangu kupita kiasi. Walisema hawana shida na madaraja. Safi na fifi, changanya tu, twende kwenye mzani. Safi ni pamba nyeupe isiyo na jani wala uchafu. Fifi ni ile yenye madoa, iliyoguswa na wadudu. Bibi alikuwa amezitenga hizo mbili maisha yake yote. "Nichanganye? Mimi? Thubutu!" Basi likizo yangu ya kidato cha tatu ikaishia uani, mimi, Bibi na Shangazi tumezunguka turubai, tunachambua pamba ambayo hakuna mtu aliyetuomba tuichambue.

Ili tusife kwa kuchoka nikawasomea riwaya. Nilikuwa nimeipata stendi kwenye meza ya mitumba, katikati ya sidiria na redio za betri. Haikuwa na jalada, kwa hiyo mpaka leo simjui aliyeiandika. Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha kununulia chumvi gulioni tu, hivyo macho yangu yalisoma Kiswahili na mdomo ukatoa Kisukuma papo hapo. Nilijiona mjanja, nawaambieni.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mzee mmoja mchoyo, mwenye kisima, anakufa. Anafika getini huko aendako, na mlinzi anamwambia: rudi kisimani kwako, umchotee maji kila mtu uliyemnyima, ukimaliza njoo. Marehemu anarudi, haonekani, ila ndoo watu wanaiona ikipanda yenyewe. Wa mwisho kwenye orodha ni binti yake wa kumzaa, ambaye alimfukuza kisimani mbele ya watu.

Jirani yetu, mzee wa kanisa, alikuja kuazima jembe akakaa siku nne. Alipinga kila ukurasa. "Maji hayo hayamo kwenye Biblia, mayu," alimwambia Bibi, akimwita mama kwa Kisukuma, kisha akanigeukia: "Haya, sasa amefika kwa nani?" Bibi yeye alisema mwandishi hajui kazi ya kisima. Maji ya kunywesha kundi la ng'ombe yanachotwa kwa kupokezana, sasa huyu peke yake atamaliza lini? Kila sura ilipoisha tulimpa marehemu daraja. Jirani alimpa safi kwa sababu za huruma, Bibi akampa safi kwa sababu zake. Shangazi, binti mkubwa wa Bibi aliyekuja kutusaidia mavuno, alisema neno moja kila siku, bila kuinua macho.

"Fifi."

Naye alikuwa na haki yake. Alipomaliza darasa la saba alikuwa wa kwanza shuleni kwao, akachaguliwa kwenda sekondari. Babu, baba yake, akapokea ng'ombe na kumwoza kijiji cha Ipililo. Babu alipofariki, Shangazi alikuja msibani, akasimama nyuma ya wanawake wote, na hakutia hata chembe ya udongo. Kaburi lilikuwa palepale nyumbani, karibu na zizi. Kwetu mtoto akirudi nyumbani hupita kwanza kumsalimia mzazi aliyelala hapo. Shangazi alikuwa akizunguka nyuma ya ghala ili asilipite.

"Huyo binti atamsamehe?" Bibi aliniuliza tukiwa wawili. "Angalia mbele uniambie." Hakuwa anauliza habari za kitabu, na hata mimi, kichwa maji wa kidato cha tatu, nililijua hilo.

Nikajificha na kusoma sura ya mwisho. Marehemu anachota, ndoo inasogea mpaka miguuni pa binti. Binti anaitambua mikono asiyoiona. Anaichukua ndoo, hanywi, anawapelekea ndama wake. Geti linafunguliwa. Mwisho. Loo, nilikasirika! Siku zote zile nimekausha koo, halafu ndama? Nikaamua kumsaidia mwandishi.

Kesho yake niliwapa mambo. Binti wangu alipiga magoti, akalia, akamkumbatia baba yake, akamsamehe, akamkumbatia tena. Jirani alipenga kamasi. "Safi kabisa!" alisema. Bibi alikuwa anamtazama Shangazi.

"Lete hicho kitabu," Shangazi akasema.

"Shangazi, kimeshaisha."

"Kitabu kizima hakuna aliyemkumbatia mwenzake. Leo wamekumbatiana mara mbili. Lete."

Alisoma kimyakimya, kidole kikifuata mistari. Kisha akaisoma sura ya mwisho upya kwa sauti, kwa Kisukuma, na wallahi alisoma vizuri kuliko mimi. Nilitamani ardhi inimeze. Alipofika kwa ndama alirudia mara mbili.

"Ndama?" Jirani akauliza. "Basi?"

"Huyu binti ana akili," Shangazi alisema. "Hakunywa. Lakini hakuyamwaga."

Akasimama, akakung'uta nyuzi za pamba kwenye kitenge chake, akaenda upande wa zizi. Hakuzunguka ghala. Alisimama mbele ya kaburi la baba yake muda mrefu, sisi mikono imekufa juu ya turubai. Kwetu binti humsalimia baba yake akiwa amepiga goti. Shangazi hakupiga.

"Mwadila, baba," alisema kwa sauti kavu, kama anavyosalimiwa mpita njia wakati wa mchana.

Akarudi, akakaa, akachota konzi ya pamba yenye madoa na kuendelea na kazi. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Mimi nililia waziwazi, sina cha kuficha.

Bibi alijifuta uso kwa pindo la kanga. "Salamu fifi hiyo," alisema.

"Ndiyo niliyonayo, mama."

Bibi akaichukua ile konzi mkononi mwa binti yake, madoa yake na yote, akaitupa kwenye lundo la safi. Jirani alifungua mdomo kusema kitu. Bibi akamwambia jembe liko mlangoni.